Yoga ukiwa mjamzito: anza na pumzi, mikao itafuata

Dada zangu wengi wakiniuliza kuhusu yoga wakati wa ujauzito huanza na mikao. Nijipinde vipi, nijinyooshe mpaka wapi, ile picha ya mama aliyekunja miguu na kushika tumbo inafanyikaje. Jibu langu huwa ni lile lile: jifunze kwanza kutoa pumzi. Mikao itakuja taratibu, na mingine hutaihitaji kabisa.

Nimefanya yoga katika mimba zangu zote mbili, hapa hapa Dar es Salaam, sehemu kubwa nikiwa nyumbani juu ya mkeka, kwa maelekezo ya mwalimu aliyesomea kufundisha wajawazito. Hilo la mwalimu lina uzito wake. Darasa la kawaida la jimu linawapeleka watu wote mwendo mmoja. Tiba ya yoga inaanzia kwako: unaulizwa mimba ina wiki ngapi, presha ikoje, unalalaje, unaumwa wapi, kisha unapangiwa vitu vichache vinavyokufaa wewe. Mwalimu asiyekuuliza chochote, akakuelekeza tu utandike mkeka kule nyuma ujiunge na wenzako, muage kwa heshima utafute mwingine.

Kabla ya mwalimu kuna mkunga. Nenda kliniki na kadi yako, mwambie unataka kuanza mazoezi. Wapo akina mama ambao yoga inaweza kuwadhuru: ambaye kondo la nyuma limekaa chini likaziba njia, anayetokwa na damu, mwenye presha ya mimba, ambaye mlango wa kizazi umelegea au umeshonwa, ambaye chupa imepasuka, mwenye upungufu mkubwa wa damu. Mwenye mapacha, au aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, naye asianze bila neno la daktari. Kwa mjamzito asiye na tatizo, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kujinyoosha taratibu kunaweza kuongezwa humo. Kutembea kwenda sokoni kwa mwendo mzuri kunahesabika. Kwa hiyo yoga haiji kama mzigo mpya juu ya kazi zako za kila siku.

Sasa, kwa nini pumzi? Tangu miezi ya mwanzo homoni za mimba hukufanya upumue zaidi ya ulivyozoea. Baadaye mji wa mimba unapanda, na kiwambo kilicho chini ya mapafu kinakosa nafasi ya kushuka vizuri. Ndiyo maana mama wa miezi saba anapanda ngazi chache tu anahema. Ukishinda unahema hivyo, mabega yanapanda, shingo inakaza, moyo unakwenda mbio, na usiku usingizi unagoma. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko uliotumia kuivuta hutuliza mapigo ya moyo, na misuli nayo inaachia.

Fanya hivi. Kaa kwenye kigoda au ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikigusa sakafu. Mkono mmoja uweke ubavuni, chini kidogo ya titi. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka nne, usikie mbavu zinatanuka na kuusukuma mkono. Kisha itoe kwa mdomo uliobanwa kidogo, kama unayepoza uji wa moto, ukihesabu mpaka sita. Katikati usiizuie. Hesabu ikikushinda, ipunguze. La msingi ni kwamba kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kawaida. Mimi nilikuwa nafanya kwenye benchi la kliniki nikisubiri kupimwa presha, na kwenye daladala foleni ya Ubungo ikiwa imesimama. Hakuna aliyejua ninafanya nini.

Lipo pia zoezi la kuvuma, linaitwa bhramari: unafumba midomo na kutoa pumzi ukiunguruma kwa sauti ya chini, mtetemo unausikia kifuani na kwenye fuvu. Kwa usiku wenye mawazo mengi sijapata linalolizidi. Ila kwenye video za mtandaoni utakutana na mazoezi ya kuzuia pumzi kwa muda, na yale ya kusukuma hewa haraka haraka huku tumbo likivutwa ndani, kapalabhati. Hayo yaache mpaka ujifungue.

Faida yake niliiona leba. Uchungu ukishakolea, kila mkazo unakaa kama dakika moja hivi halafu unaachia. Ambaye hajajizoesha hubana meno, hukunja ngumi, hupandisha mabega, mkazo unaisha yeye kachoka na mwingine unakuja. Mimi mkazo ulipoanza nililegeza taya, nikashusha mabega, nikatoa pumzi ndefu yenye sauti nzito ya "aaa". Maumivu yalikuwepo, tena makali, sitakudanganya. Lakini nguvu zangu hazikuishia kwenye kupambana nayo, na mkunga aliponiambia "usisukume bado, mama", niliweza kuhema vifupi vifupi mpaka akaniruhusu. Huwezi kujifunza hilo siku ile ile ukiwa kitandani. Linataka miezi ya kurudia kidogo kidogo, hata dakika kumi kwa siku.

Baada ya pumzi, mgongo. Mkao ulionisaidia kuliko yote ni wa paka na ng'ombe. Tandika mkeka, mahali pa magoti ongeza kanga iliyokunjwa nene, maana sakafu ya saruji inaumiza. Piga magoti, yaachane kwa upana wa nyonga, viganja viwe chini ya mabega. Ukitoa pumzi, inua mgongo uwe duara, kidevu kikielekea kifuani. Ukivuta, urudishe unyooke. Hapo kwenye kunyooka ndipo wengi wanapozidisha: wanaacha mgongo ubonyee na tumbo lishuke, kisha wanashangaa kiuno kinauma zaidi. Unyooke tu, basi. Miezi ya mwisho vidole vikianza kufa ganzi, tumia ngumi badala ya viganja, au simama uegemee meza ufanye vile vile. Ukiwa umepiga magoti hivyo uzito wa mtoto unaning'inia mbele, kiuno kinapata nafuu ambayo kiti hakiwezi kukupa.

Ujue kwamba ukiwa mjamzito mwili unatoa homoni iitwayo relaksini, inayolegeza kano za viungo, hasa za nyonga, ili mtoto apate njia. Utajikuta unafika mbali kuliko ulivyokuwa unafika. Usifike huko. Ishia pale ulipokuwa unaishia kabla ya mimba, maana kano ikivutika kupita kiasi unabaki na maumivu hata baada ya kuzaa.

Kuchuchumaa wanawake wetu wanakujua, wanaofua kwa beseni na kupika kwenye mafiga wamekufanya maisha yao yote. Kunafungua nyonga na kuimarisha mapaja. Shika nondo za dirisha au egemea ukuta, miguu iachane, ushuke taratibu. Mfupa wa kinena ukiuma, acha. Mtoto akiwa ametanguliza makalio wiki za mwisho, muulize mkunga kwanza. Mikao ya kusimama kwa mguu mmoja ifanye karibu na ukuta, kwa sababu tumbo limehamisha uzito wako mbele. Kulalia tumbo, kusimama kwa kichwa, kujipinda kiunoni kwa nguvu na madarasa ya yoga ya joto, yanayofanyika kwenye chumba kilichopashwa moto, hayo yote weka kando. Joto letu la Februari linatosha. Fanya alfajiri au jioni, maji yawe karibu.

Na kulala chali. Kuanzia nusu ya pili ya mimba, ukilala chali muda mrefu mji wa mimba unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Unaweza kusikia kizunguzungu na kichefuchefu, na damu inayomfikia mtoto inapungua. Kwa hiyo ule mkao wa kupumzika wa mwisho wa darasa, ambao wengine huufanya chali, wewe ufanye kwa ubavu: mto chini ya kichwa, mwingine kati ya magoti, kanga iliyosokotwa chini ya tumbo kulibeba. Usiku lala hivyo hivyo.

Kuhusu matokeo, ninachojua ni hiki. Utafiti wa Bangalore, India, uliochapishwa mwaka 2005 ulifuatilia wajawazito 335: kundi moja lilifanya yoga saa moja kila siku, jingine lilitembea nusu saa mara mbili kwa siku. Kundi la yoga lilipata watoto wengi zaidi wenye uzito wa kilo 2.5 na kuendelea, na uchungu wa kabla ya wakati ulikuwa mchache. Makundi hayakupangwa kwa kura, hivyo mimi nauchukua kama dalili njema tu. Mtu akikuahidi kwamba yoga itakuepusha na upasuaji, usimwamini.

Nyumbani utasikia mengi. Mama mkwe wangu, kwa mapenzi yake yote, alinikataza kuinua mikono juu ya kichwa, akisema kitovu kitamzunguka mtoto shingoni. Kitovu humzunguka mtoto kwa kujigeuza kwake mwenyewe, mikono ya mama haihusiki. Nilikwenda naye kliniki, akasikia kwa nesi, akaridhika. Wengine watakuuliza kama yoga ni ibada. Imetoka India, ndani ya mapokeo ya Kihindu, na hilo halifichwi. Mimi nilichukua pumzi na mazoezi ya viungo, nikamwambia mwalimu sitaimba mantra, yale maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, naye hakuwa na tatizo. Pima na imani yako. Kama moyo hautulii, kutembea na kupumua kwa utaratibu kutakufaa vizuri bila jina lolote.

Ukiwa kwenye mkeka ukaona damu au maji yanatoka, kichwa kikauma sana, macho yakaona ukungu, kifua kikabana, mguu mmoja ukavimba na kuuma kwenye kigimbi, au mtoto akapunguza kucheza, hizo ni dalili za hatari. Usimpigie mwalimu wa yoga. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ukishajifungua, pumzi unaweza kuirudia ukiwa bado kitandani, siku hizo hizo za mwanzo. Mikao isubiri mpaka ukaguliwe kliniki wiki ya sita, na aliyefanyiwa upasuaji asubiri mpaka daktari amkubalie.