Mashine ikiuvunja mwili wangu na kuujenga kwingine, ni mimi nitakayefika?

SWALI: Assalamu alaikum sheikh. Nasoma fizikia. Wenzangu wanasema iko siku mashine itausoma mwili wa mtu chembe kwa chembe, iuvunje, kisha ijenge mwingine sawasawa mahali pa mbali, na huyo atakuwa ni yeye yule. Ushahidi wao ni kiti cha enzi cha Bilqis, malkia wa Sabaa, kilicholetwa kwa Nabii Sulaiman kufumba na kufumbua. Tangu hapo naogopa kulala: nitajuaje kuwa anayeamka ni mimi?

JAWABU: Waalaikumu ssalam warahmatullahi wabarakatuh.

Unajua kuwa kilichofanyika katika maabara ya Innsbruck, Austria, mwaka 1997, na kwa setilaiti ya China mwaka 2017 hadi masafa ya kilomita 1,400, ni kuhamisha hali ya fotoni, yaani chembe ya mwanga. Fotoni yenyewe haikuhama. Mwili wa mtu una atomi zaidi ya bilioni ya bilioni ya bilioni. Kwa hiyo tunajadili dhana tupu, lakini itikadi iliyo nyuma yake ni hatari.

Wanadai mtu ni mpangilio wa chembe, basi. Haya, mashine imejenga wa pili na wa kwanza haikumvunja. Nani kati yao anadaiwa deni? Nani mume wa yule mke? Utaniambia fizikia hairuhusu nakala kamili ya hali ya kwanta, yaani hali ya chembe ndogo kabisa. Sawa, ila mimi napima dai lao, na dai lao linaruhusu. Wakisema mdaiwa ni wa kwanza, wamekiri kuwa wa pili ni mtu mwingine, na kumvunja wa kwanza hakumfanyi huyu awe yeye. Wakisema ni wote wawili, basi mtu mmoja atakuwa anaswali huku na anazini kule saa ileile! Allah anasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine (Fatir: 18). Kauli yao inaibomoa hesabu yote ya Kiyama.

Kiti cha Bilqis kililetwa chenyewe. Aya haikusema kilivunjwa kikaundwa kingine. Tena kiti hakina roho. Na anayetaja ufufuo kuwa nao ni mwili kujengwa upya, ajue kuwa atakayefufua ndiye aliyezishika roho, na mashine haishiki roho ya yeyote.

Basi kuingia kwa hiari katika mashine ya namna hiyo ni kujiua, na Allah amekataza (An-Nisaa: 29).

Ndugu yangu, hofu yako ya usingizi imenigusa kuliko suala lenyewe. Soma Az-Zumar aya ya 42: Allah huzichukua nafsi zinapokufa, na zisizokufa huzichukua usingizini, huzizuia alizozihukumia kufa, na hizo nyingine huzirudisha mpaka muda uliowekwa. Tazama neno “huzirudisha”. Hukuumbiwa nafsi mpya alfajiri. Umerudishiwa ileile, na ndiyo maana deni la jana bado unadaiwa na swaumu ya jana bado ni yako. Lala na udhu, soma Ayatul Kursiyy, na ukiamka sema: Alhamdulillahi lladhii ahyaanaa baada maa amaatanaa wa ilayhi nnushuur. Mijadala hiyo iache kwa muda, hasa usiku. Na ikiwa usingizi bado hauji, nenda kwa daktari bila kuona haya. Kutafuta tiba hakupingani na kumtegemea Allah. Uniandikie tena unijulishe hali yako.

Wallahu aalam.