Setilaiti na zilzala: mlivyouliza

Nasikia GPS huonyesha tetemeko kabla halijatokea. Kweli? (Mwalimu, Malindi)

Halijathibitika, mwalimu, na nakuomba usiwafundishe wanafunzi kana kwamba limekwisha kujulikana. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la kipimo cha 9.0 lilipiga Tohoku, Japani. Kosuke Heki wa Chuo Kikuu cha Hokkaido akapekua rekodi za vipokezi vya GPS, akaona elektroni (chembe ndogo mno za umeme) angani zimeongezeka dakika 40 hivi kabla. Wenzake wakampinga: baada ya tetemeko na tsunami elektroni zilipungua, kwa hiyo ukichora mstari wa kiwango cha kawaida ukiunganisha kabla na baada, mstari unavutwa chini, na yaliyotangulia yanaonekana yamepanda. Pingamizi hilo mimi naliona zito.

Setilaiti inazihesabuje elektroni? (Kidato cha tatu, Lamu)

Iko kilomita 20,200 juu, mwanangu, na hutuma mawimbi ya redio kwa masafa mawili: megahezi 1,575.42 na 1,227.60. Yakipita ayonosfia, tabaka la hewa lenye chembe za umeme, yale ya masafa ya chini huchelewa zaidi. Ukiijua tofauti hiyo, umezijua elektroni za njiani. Malindi nako kuna kipokezi cha kazi hiyo.

GPS ya mashua yangu huyumba baada ya magharibi. Ni dalili ya zilzala? (Nahodha, Shela)

La, nahodha. Pwani yetu haiko mbali na ikweta ya sumaku. Jua likishatua, ayonosfia hutibuka: mapovu yenye elektroni chache hupanda, na mawimbi yakipita humo hupepesuka kama mwanga wa chemli penye upepo. Tena dhoruba za jua huongeza fujo. Kutafuta dalili ndogo ya tetemeko katika vurugu hiyo ni kazi ngumu mno. Usiku kama huo shika dira, usiingie mlangoni kwa kuitegemea GPS peke yake.

Basi GPS yatufaa nini? (Muuza samaki, Malindi)

Yafaa baada ya tetemeko, mama. Bahari ikinyanyuka huisukuma hewa, na dakika kama 10 baadaye mtikisiko umefika ayonosfia. Tsunami nayo huacha alama yake huko juu ikivuka bahari kuu. Ile ya Sumatra, 26 Desemba 2004, ilichukua saa tisa hivi kufika kwetu. Muda huo watosha kuwatoa watu wote ufukoni. Ila ukiona maji yamepwa ghafla wakati si wake, usingoje setilaiti: acha ndoo hapo hapo, panda juu.