Maswali ya Wasomaji: Tukiweka kodi foleni ya net itapungua?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu huku Morogoro vijijini, ikifika saa moja jioni mpaka saa nne usiku net ni majanga, bando unalo ila video inazunguka tu, hata meseji ya WhatsApp haitoki. Nimesikia London magari yanayoingia katikati ya jiji yanalipishwa ili kupunguza foleni. Sasa si serikali itoze hivyohivyo wanaotumia net sana, halafu hela ijenge minara?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu pole sana. Wazo lako sio baya ila linakwama kwenye saa. London walipoanza mwaka 2003 walitoza paundi 5 kwa eneo maalum, siku za kazi, mchana, ukipita usiku hulipi kitu. Mnara nao unajaa kwa saa, saa mbili usiku kijiji kizima kipo kwenye simu, saa tisa alfajiri hakuna mtu. Kodi isiyojua saa inamtoza hadi yule anayedownload saa tisa, ambaye hajamzuia mtu yeyote.

Waganda wameshayaona haya. Julai 2018 waliwekewa shilingi 200 za kwao kwa siku ili kuingia WhatsApp, Facebook na Twitter, bei ileile uwe umeingia kumsalimia mama au umeshinda kwenye video kutwa nzima. Tena wala haikuhusu foleni, Museveni alikuwa analalamikia umbea wa mitandaoni. Watu wakakimbilia VPN, yaani programu ya kuficha unachofungua mtandaoni, ambayo yenyewe inaongeza MB kidogo juu ya zile unazotumia, kwahiyo aliyekwepa hivyo hakupunguza mzigo kwenye mnara, na makusanyo yakawa chini kabisa ya walivyotegemea. 2021 wakaifuta wakaleta asilimia 12 kwenye data.

Hungary ndio walikaribia wazo lako, 2014 serikali ilitaka forinti 150 kwa kila GB. Watu walijaa barabara za Budapest, wengine wakarusha vifaa vibovu vya kompyuta kwenye ofisi za chama tawala, na kabla Oktoba haijaisha Orbán, waziri mkuu wa wakati huo, akaachana nayo. Na hata ile isingejua saa.

Kinachosogeza watu kutoka saa mbili usiku ni bei, na hiyo kampuni za simu wanaijua siku nyingi, ndio maana bando la usiku ni rahisi. Kwa hiyo video za darasani zishushe usiku wa manane kama mtandao wako una bando hilo. Ila kama mnara wenu umeunganishwa na njia nyembamba kurudi mjini, hapo bei haisaidii sana, inatakiwa faiba au mnara wa pili.

Hela ya minara ipo mwalimu, ila sio hii kodi unayokatwa kwenye vocha, hiyo inaingia Hazina inachanganyika na mishahara na barabara. Ya minara ni ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006, kampuni zinachangia kutoka kwenye mapato yao. Mei 2023 pale Dodoma walisaini mikataba ya minara 758 ya vijijini. Muulize diwani kama kata yenu imo, na kama mnara mnao tayari ila umezidiwa basi lalamikeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa maandishi mkiwa wengi.

SWALI: Na sisi Kenya je, ile excise (ushuru wa bidhaa) ya bundles inajenga nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa mtandao moja kwa moja, hakuna ndugu yangu. Iliwekwa asilimia 15 mwaka 2018, ikafika 20 mwaka 2021, 2023 ikarudi 15, na VAT juu yake, zote zinaenda kwa bajeti ya kawaida. Ya minara ya vijijini ni Universal Service Fund chini ya CA, mamlaka ya mawasiliano ya Kenya, ambako kampuni hutoa asilimia 0.5 ya mapato. Ukitaka kupiga kelele, piga huko.