Unayeanza kazi ya ndege, jifunze kila kanuni pamoja na ajali iliyoizaa

Ukiingia kwenye kazi ya ndege, iwe karakana, maegesho, kabini au ofisi ya kupanga safari, utakabidhiwa makabrasha manene ya taratibu na utatakiwa uyajue barabara. Wengi huyakariri ili wafaulu mtihani, kisha yanapukutika kidogo kidogo. Ushauri wetu ni huu: kwa kila kanuni, uliza ilianzia wapi. Nyingi zina tarehe nyuma yake, na mara nyingi zina majina ya watu waliokufa. Anayejua chanzo cha kanuni haivuki hata ikiwa ni saa tisa usiku, amechoka na ndege inasubiriwa.

Tuanze na mafuta, kwa kuwa hapo hesabu ndogo hufanya kosa kubwa. Mafuta ya ndege hupangwa kwa uzito. Yakipata joto hutanuka, hivyo lita ya mchana wa jua kali ni nyepesi kuliko lita ya alfajiri, ilhali nguvu ya injini inategemea kilo zinazoungua. Lakini mita ya gari la mafuta husoma lita. Kwa hiyo kila siku kuna mtu anayegeuza lita kuwa kilo.

Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa na geji za mafuta zisizofanya kazi, ikabidi mafuta yapimwe kwa vijiti vya kupimia tangi. Zilipatikana lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Waliopiga hesabu walizidisha lita kwa 1.77, namba waliyoizoea, ambayo ni ratili kwa lita. Ndege hiyo mpya ilikuwa ya kilo. Wakapata 13,597 wakidhani ni kilo. Wakaitoa kwenye 22,300, ikabaki 8,703. Wakaigawa kwa 1.77, wakaongeza lita 4,900 na kitu basi. Hesabu sahihi ilikuwa hivi: 7,682 mara 0.803, ambayo ni kilo kwa lita, ni kilo 6,169. Zinazopungua ni kilo 16,131. Gawanya kwa 0.803, unapata lita 20,088 za kuongeza. Ndege iliruka na chini ya nusu ya mafuta yake. Injini ya kwanza ilizima angani, ya pili ikafuata, na marubani wakaiteremsha bila injini hadi Gimli, kambi ya zamani ya jeshi la anga huko Manitoba, Kanada. Watu wote 69 walipona.

Hesabu ile ilirudiwa zaidi ya mara moja, lakini kwa 1.77 ileile. Kurudia hesabu kwa namba yenye kosa hakuthibitishi chochote. Kinachothibitisha ni kuikabili kwa njia nyingine, na njia rahisi ipo: lita moja ya mafuta ya ndege ina takriban kilo 0.8, kwa hiyo idadi ya kilo lazima iwe ndogo kuliko idadi ya lita. Lazima, siku zote. Ukiona lita 7,682 zimegeuka kilo 13,597, weka kalamu chini na umwite mwenzako. Na usiandike namba tupu kwenye karatasi ya mafuta. Kando ya kila namba andika kipimo chake. Mwisho, jumlisha mafuta yaliyokuwemo na yaliyoongezwa, ulinganishe na geji baada ya kujaza. Zikitofautiana kupita kiwango kinachoruhusiwa na kampuni yako, ndege haiondoki hadi sababu ijulikane.

Fundi naye ana somo lake, na hakuna linalofundisha vizuri kuliko lile la bolti. Tarehe 10 Juni 1990, BAC One-Eleven ya British Airways ilikuwa inapanda kutoka Birmingham kwenda Málaga. Ilipopita futi 17,000, kioo cha mbele cha upande wa kapteni kiling'oka na kapteni akavutwa nje hadi kiunoni. Wahudumu walimshika miguu mpaka rubani msaidizi alipotua Southampton. Kapteni aliishi. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa usiku, chini ya saa 30 kabla. Kati ya bolti 90 zilizokifunga, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa, tofauti ikiwa kama milimita 0.66, na sita zilizobaki zilikuwa fupi. Zilichaguliwa kwa kulinganishwa na bolti ya zamani kwa macho, penye mwanga hafifu.

Tofauti ya milimita 0.66 jicho huikosa kirahisi. Hata bolti iliyotolewa haikuwa saizi sahihi; ilikuwa kosa la zamani lililobahatika kushika. Ndiyo maana unafundishwa usichukue spea kwa mfano wa ile uliyoitoa. Fungua katalogi ya sehemu kwa namba ya usajili ya ndege hiyohiyo, pata namba ya spea, kisha uilinganishe na kibandiko cha kwenye pakiti. Ikiwa mtunza stoo anakutajia namba nyingine, msimame wote wawili mpaka kitabu kiamue. Kioo kile pia kilifungwa kutokea nje, hivyo hewa ya ndani ilikuwa inakisukuma kitoke. Ukishika kazi yoyote kwenye kiwiliwili cha ndege, jiulize kwanza mgandamizo wa hewa unaelekea wapi: unabana ulichofunga, au unakisukuma?

Wanaosafisha ndege wasidhani hayo ni ya mafundi peke yao. Tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliondoka Lima usiku ikiwa na utepe wa kubandika juu ya matundu madogo ya ubavuni yanayopima mgandamizo wa hewa ya nje. Utepe uliwekwa ili maji na sabuni visiingie wakati wa kuosha, ukasahaulika. Kutoka kwenye matundu hayo ndege hupata kimo, na huyatumia pia kupata kasi. Yakizibwa, vipimo vyote viwili hudanganya. Marubani waliomba msaada kwa mwongoza ndege, akawasomea kimo kutoka kwenye skrini yake. Lakini namba ile ilikuwa inatumwa na ndege yenyewe, kutoka kwenye matundu yaleyale. Waliambiwa wako karibu futi 9,700 wakati bawa linagusa bahari. Walikufa watu 70. Utepe ulikuwa wa rangi ya fedha juu ya metali inayong'aa, kwa hiyo hata aliyepita na tochi hakuuona. Tumia vifuniko maalumu vyenye kitambaa chekundu kinachoning'inia. Vihesabu unapoviweka, vihesabu unapovitoa, uandike kitabuni mara zote mbili. Na usipitishe zamu kwa mdomo.

Uchovu wa metali unaeleweka vizuri ukiijua historia ya Comet. Ilianza kubeba abiria tarehe 2 Mei 1952, kutoka London hadi Johannesburg, ikipitia Entebbe njiani, ndege ya kwanza ya jeti katika huduma ya abiria. Mwaka 1954 mbili zilipasuka angani juu ya Mediterania. Wachunguzi wa Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege cha Uingereza, walichukua kiwiliwili cha Comet nyingine, wakakizamisha kwenye tangi la maji na kukijaza mgandamizo na kuutoa, tena na tena. Baada ya mizunguko zaidi ya 3,000, ikiwemo ile iliyokwisha kuruka kweli, kilipasuka kuanzia kwenye pembe ya uwazi. Kila safari hutanua ngozi ya ndege na kuilegeza, na ufa hukua panapokusanyika nguvu. Kwa hiyo usiishie kusoma saa za ndege. Soma na mizunguko. Boeing 737 ya Aloha iliyopoteza paa la mbele tarehe 28 Aprili 1988 huko Hawaii ilikuwa na saa 35,496 tu, lakini mizunguko 89,680, kwa sababu iliruka safari fupi za visiwani, tena kwenye hewa ya chumvi. Abiria mmoja alikuwa ameuona ufa karibu na mlango wakati wa kupanda, hakumwambia mtu. Abiria akikuonyesha kitu, mshukuru, kisha nenda ukakiangalie kwa macho yako.

Kwenye redio nitasema kwa ufupi. Tenerife, kisiwa cha Uhispania, tarehe 27 Machi 1977, walikufa watu 583, ajali mbaya kuliko zote za ndege kugongana, baada ya ujumbe uliotumwa kwa wakati mmoja kukwaruzana ukungu ukiwa umetanda. Rudia ruhusa yote uliyopewa, usijibu "sawa" pekee, na ukiwa na shaka uliza kabla ndege haijasogea.

Kabini ina mengi, ila mawili hukosewa sana na wageni. La kwanza ni oksijeni. Barakoa hudondoka hewa ya kabini inapofikia ile ya kimo cha futi 14,000 hivi. Ndege nyingi hutumia makopo ya kemikali, na kopo haliwaki mpaka barakoa ivutwe kwa nguvu kiasi. Mwambie abiria avute, na kwamba mfuko usipojaa haina maana oksijeni haitoki. Katika futi 35,000 mtu ana kati ya sekunde 30 na 60 za akili timamu, ndiyo maana unavaa yako kwanza. Kopo likiwaka huwa la moto mno, usiliguse. Tarehe 11 Mei 1996 makopo ya namna hiyo yaliyopakiwa kama mzigo bila vizibo vya usalama yaliiwasha DC-9 ya ValuJet, wakafa 110. Mpakiaji akiona kopo la oksijeni limeandikwa "tupu", asilipakie kwa kuamini maandishi hayo.

La pili ni kisahani cha majivu kwenye mlango wa choo. Wageni hukiona masalia ya zamani, na wengine hudhani hakihitaji kukaguliwa. Mwaka 1973 moto ulioanzia chooni uliishusha Boeing 707 ya Varig, shirika la Brazil, karibu na uwanja wa Orly, Paris, wakafa 123. Kuvuta sigara kumepigwa marufuku, lakini anayevunja marufuku bado atatafuta pa kuizimia, na pipa la chooni limejaa karatasi. Hivyo kisahani ni sehemu ya lazima. Kikivunjika au kikikosekana, kiandike kwenye kitabu cha hitilafu kama ungeandika taa ya dharura iliyokufa, na uhakikishe kifuniko cha pipa hilo kinajifunga chenyewe.