Albamu maradufu yenu: msiiondoe, ipangeni upya

Ndugu yangu, nimekuelewa: bendi yenu ya roki imetoa albamu ya sehemu mbili yenye nyimbo 24, wasikilizaji wanaisifu sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili njiani, nanyi mnabishana iwapo muiondoe yote mtandaoni. Mimi naona msiiondoe.

Malalamiko ya urefu si mageni. Mtayarishaji George Martin mwenyewe aliona kwamba albamu maradufu ya Beatles ya 1968, yenye nyimbo 30, ingefaa kupunguzwa iwe santuri moja, na hadi leo mashabiki hawajaafikiana ni nyimbo zipi zingeachwa. Hata hivyo, santuri ilimpa msikilizaji pumziko, kwa kuwa kila upande ulibeba dakika ishirini na kitu tu kabla ya kugeuzwa. Anayesikiliza kwa simu ndani ya matatu ya Mtwapa hana pumziko hilo, kwa hivyo mpeni nyinyi. Zigaweni nyimbo katika orodha nne, kila moja ianze na wimbo wenye nguvu, kisha ipigeni sehemu ya pili peke yake jukwaani, kwa mfano Swahilipot, kile kituo cha vijana na sanaa Mombasa, mtazame watu wanainukia wapi. Maoni ya mtandaoni (mengi huandikwa kabla albamu haijaisha) hayatawaonyesha hilo.

Mkiamua kutoa toleo fupi, tumieni misimbo ileile ya ISRC (alama za kimataifa za kutambulisha kila rekodi) kwa rekodi zilezile, la sivyo hesabu ya usikilizaji huenda ikaanza upya. Na kama mlitia saini mkataba na msambazaji au mfadhili, mwoneni wakili kabla ya kugusa chochote.