Jibu: Nina homa ya ini B na limfoma, niache vidonge nikianza dripu?

Usiache. Lisome hilo neno mara tatu ndipo uendelee.

Mkuu, umeandika kwamba umepangiwa R-CHOP, mchanganyiko wa dawa za kemo za limfoma (saratani ya seli za kinga), dripu sita, na kuna "mtaalamu" kakushauri uweke tenofovir, vidonge vyako vya homa ya ini B, kando usije ukalichosha ini. Nimesoma nikasikia ubavu wa kulia unaniuma. Huo ujinga niliufanya mimi.

Nilikuwa na tezi shingoni kama yai la bata. Limfoma ya seli B (aina ya seli za kinga, si ile B ya homa ya ini), na vipimo vikafichua homa ya ini B niliyoishi nayo miaka bila habari. Daktari akaniandikia tenofovir, kidonge kimoja kila siku, nianze kabla ya dripu ya kwanza. Nikameza. Dripu sita, kila siku 21, nikamaliza. Tezi ikayeyuka, nywele zikarudi, nikajiona ngangari.

Nikaenda duka la dawa kununua kopo jingine. Kijana wa kaunta akaligeuzageuza, akanitazama kwa huruma, akanong'ona: "Mzee, hizi si za wenye ukimwi? Kemo umemaliza, unalimalizia ini bure." Koti jeupe, miwani, Kiingereza cha hapa na pale, nani angebisha? Na aibu nayo, nikawaza jirani akiliona kopo atanisomea Yasini. Tenofovir hutibu virusi vyote viwili, lakini hilo nililijua nikiwa kitandani. Yule kijana bado yuko kaunta, anang'aa tu. Mungu anamwona.

Miezi miwili baadaye mkojo ukawa rangi ya chai iliyokolea. Mimi Simba damu, nikaamka nimevaa jezi ya Yanga mpaka machoni. Wiki tatu wodini. Saratani ilishaondoka, ini ndilo lililotaka kunizika.

Daktari alinieleza hivi: hiyo R ni rituksimabu, inazifyeka seli B, na hizo ndizo zinazozaa watengenezaji wa kingamwili. Kirusi cha B hakitoki, kinajibanza ndani ya kiini cha seli za ini. Walinzi wakiondoka kinazaliana kimyakimya. Walinzi wakirudi wanakuta nyumba imejaa wezi, wanaichoma pamoja na wezi. Na hili huweza kuja miezi mingi baada ya dripu ya mwisho, wakati wewe unasherehekea. Ndiyo maana vidonge huendelea angalau mwaka mzima baada ya hiyo dripu, wengine miezi 18. Marekani mwaka 2013 waliamuru onyo la hatari hii liwekwe kwenye fremu nyeusi katika maelezo ya dawa. Si porojo za mzee wa jukwaani.

Na nyinyi mnaojisifia HBsAg hasi, kile kipimo cha damu cha ganda la kirusi cha B: pimeni na kingamwili ya kiini cha kirusi, anti-HBc. Ikiwa chanya, maana yake kirusi kiliwahi kupita na kinaweza kuamka.

Umeuliza kama homa ya ini ndiyo imeleta limfoma. B na C zote huongeza hatari, kwa sababu kirusi kikikaa miaka hakizipi seli za kinga nafasi ya kupumzika. C ndiyo inayojulikana zaidi kwa hilo, kuna limfoma za polepole za bandama ambazo husinyaa kirusi cha C kikitibiwa tu. Wengi wenye homa ya ini hawaipati kamwe. Lakini yako ni B, usijichanganye ukadhani kuna njia ya mkato.

Kulikuwa na swali la juisi na jingine la shemeji, nimeshasahau. Kopo lako limebaki vidonge vingapi? Hesabu usiku huu, unijibu hapahapa.