Daktari amesema "huenda ni saratani": la kufanya kabla majibu ya paka hayajatoka

Pole sana, ndugu. Nimeelewa hivi: paka jike wa miaka 11, kilo 4 na anazidi kukonda, ana kivimbe kigumu karibu na chuchu. Daktari kasema huenda ni saratani, kakuandikia vidonge vya prednisoloni vya kumrudishia hamu ya kula, na mrudi baada ya wiki tatu. Unauliza umpe dawa au usimpe, na siku za kungoja uzitumieje.

Naanza na dawa kwa sababu ndiyo yenye haraka. Kabla hujampa kidonge cha kwanza, mpigie daktari umwombe sampuli (chembe au kipande cha nyama cha kupimwa maabara) ichukuliwe kwanza. Paka mzee anayekonda anaweza kuwa na limfoma ya utumbo, yaani saratani ya seli za kinga, mbali kabisa na hicho kivimbe. Prednisoloni ni steroidi, na steroidi huzipunguza seli za limfoma kwa muda. Paka anachangamka, anakula, mnafurahi. Kisha sampuli ikichukuliwa, maabara hawaoni kitu cha kueleweka, na ugonjwa ukirudi unaweza kuwa umeshazoea dawa. Tena prednisoloni hupandisha sukari, na kisukari chenyewe hakijapimwa. Kama ameshaanza kumeza, usiikatize ghafla kwa uamuzi wako. Mweleze daktari ni dozi gani na kwa siku ngapi, na hayo yaandikwe kwenye fomu ya maabara.

Sasa kivimbe. Kwa paka, uvimbe wa matiti si jambo la kungojea: takriban 8 hadi 9 kati ya 10 huwa ni saratani. Ukubwa nao una uzito wake: ulio chini ya sentimita 2 una matumaini makubwa zaidi kuliko uliopita 3. Kwa hiyo wiki tatu ni nyingi mno. Upime leo kwa rula, uandike na tarehe. Sampuli ya sindano nyembamba huchukua dakika chache, mara nyingi bila nusu kaputi, na husaidia kutambua kama ni jipu au kifuko cha maji tu. Lakini sindano inaweza kutoka na damu na mafuta matupu. Majibu ya "sampuli haikutosha" hayana maana kwamba paka ni mzima. Neno la mwisho hutoka kwenye kipande cha nyama kilichosomwa na mtaalamu wa patholojia.

Kabla ya kisu, dai vitu hivi: picha za eksirei ya kifua kwa mikao mitatu (ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na akiwa chali au kifudifudi), maana madoa madogo ya mapafu hujificha ukipiga mkao mmoja, tezi za kwapani na kinenani zipapaswe, na damu ipimwe. Muulize daktari pia anakusudia kukata kiasi gani. Paka ana mistari miwili ya matiti, kwa kawaida chuchu 4 kila upande, na kwa saratani ya matiti kinachopendekezwa ni kuondoa mstari mzima wa upande ule. Kuchomoa kivimbe peke yake kunaonekana ni huruma, ila uvimbe hurudi palepale mara nyingi zaidi.

(Kwa mwingine anayesoma ambaye uvimbe wa paka wake uko mahali alipochomwa chanjo: ukidumu zaidi ya miezi 3, ukipita sentimita 2, au ukiwa bado unakua mwezi 1 baada ya sindano, uchukuliwe kipande. Kipande tu, using'olewe wote kabla ya majibu. Saratani ya pale ina mizizi mirefu, na upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri.)

Usikubali kukonda kote kubebeshwe kivimbe. Homoni ya thairoidi ikizidi, figo zikichoka au kisukari kikianza, paka mzee hukonda vivyo hivyo, na magonjwa hayo yana dawa. Omba vipimo vya T4 (homoni ya thairoidi), kreatinini (figo), sukari na mkojo kwa pamoja.

Nyumbani, kazi kubwa ni chakula. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku. Soma lebo ya chakula chake, upime anachokula kweli na si ulichomwekea. Mpime uzito kila wiki kwa mzani wa watoto wachanga. Gramu 400 zikipotea, hiyo ni asilimia 10 ya mwili wake. Akikaa siku mbili bila kula, usingoje ya tatu, hasa kama alikuwa mnene: mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulizonga. Pasha chakula kifikie joto la mwili, kidogo kidogo. Akinusa na kuondoka, akijilamba midomo au kudondosha mate, hicho ni kichefuchefu. Ukimlazimisha kwa bomba la sindano atakichukia chakula hicho. Omba kwanza dawa ya kichefuchefu kama maropitanti, ndipo mje kwenye mirtazapini ya hamu ya kula. Mirtazapini ikimzidi, paka hulia ovyo na kuhangaika usiku. Mwenye figo mbovu hupewa kwa kuachanisha muda zaidi kati ya dozi.

Maumivu paka huyaficha, hivyo tazama uso: masikio yaliyotanuka kwenda kando, macho yaliyofinywa, mdomo uliokaza, sharubu zilizonyooka, kichwa kilichoinama chini ya mabega. Ukiona kadhaa kwa pamoja, omba dawa ya maumivu ya paka. Parasetamoli kamwe, hata robo kidonge: huharibu damu isibebe oksijeni. Na kama kuna mtu nyumbani anayepaka krimu ya fluorourasili (dawa ya saratani ya ngozi), paka asilambe hata ngozi ya mtu huyo, inaua.

Hesabu pumzi akiwa amelala kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Zikipita 30 kwa dakika siku baada ya siku, piga simu. Akihema mdomo wazi, mpeleke saa hiyohiyo, maana saratani ya matiti hupenda kwenda kifuani na maji yanaweza kujaa.

Majibu yakitoka, omba ripoti yenyewe na si muhtasari wa mdomo. Tafuta humo aina ya saratani, daraja (ukali wake), kama kingo za nyama zimetoka safi, na kama seli zimeingia kwenye mishipa ya limfu. Manne hayo ndiyo yatakayoamua kama kuna haja ya kuzungumza tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani), ambayo kwa paka hutolewa kwa dozi za kumfanya aishi vizuri. Sharubu huweza kudondoka, lakini manyoya kwa kawaida hayadondoki yote.

Ikifika mahali pa kuuliza kama bado anaishi vizuri, kuna kipimo cha daktari Alice Villalobos: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila kimoja alama 0 hadi 10 (10 ndiyo hali nzuri kabisa, hata kwa maumivu), na jumla ikiwa juu ya 35 anaweza kuendelea kutunzwa. Ajaze mtu yuleyule, saa ileile, kila siku, kuanzia sasa akiwa bado anakula.